Kidonge cha Mtani wa Baba

Sina picha hata moja ya Mwalimu inayofaa kutundikwa ukutani. Kila tulipomwelekezea simu alikuwa anaongea, mdomo wazi, kidole juu, na anayetazama picha hizo atadhani mtu huyu aliishi akigombana. Basi namwandika. Na siwezi kumwandika peke yake, lazima baba yangu naye aingie, kwa sababu hao wawili ni watani, na kwa sababu mwaka juzi baba alishikwa na saratani akaificha, nikawa karibu kumpoteza bila hata kujua kwamba anaumwa. Aliyegundua ni Mwalimu. Aligunduaje, nitafika huko. Mtu mwenyewe kwanza.

Alinifundisha baiolojia kidato cha tatu na cha nne, na mimi baiolojia sikuipenda hata kidogo. Nilikuwa nikichora moyo wa binadamu unatokea kama kiatu cha mtoto. Nilipofungua kibanda changu cha cherehani pale Mtendeni, nashona sare za shule, yeye alikuwa ameshastaafu na nyumba yake iko mtaa huohuo. Akaja siku ya kwanza, akaigeuza sketi moja ndani nje, akaikagua kama anasahihisha mtihani, akasema, "Hapa umefaulu. Moyo ulikushinda, lakini sketi unaijua." Tangu siku hiyo akawa mtu wa kibandani. Alikaa kwenye kiti chochote alichokikuta kitupu, hata kama mteja alikuwa ameinuka tu kupimwa kiuno.

Alikuwa mfupi, mwenye viatu vinavyong'aa katika mji huu wa mchanga. Mfukoni alibeba kitambaa cha kuvifutia, na alivifuta mbele za watu bila aibu. Nywele alizipaka rangi nyeusi na akakana. Ukimwambia, "Mwalimu, leo rangi imeshuka mpaka shingoni," anakujibu ni jasho. Darasani alituchapa maneno makali tukisema "labda," lakini ukimwuliza yeye atafika saa ngapi, jibu lake ni "labda saa nne," na saa sita ndipo unaiona kofia yake kwenye kona. Alituhubiria kunawa mikono miaka yote, halafu unamkuta barabarani anatafuna mahindi ya kuchoma aliyopokea kwa mkono huohuo uliotoka kumshika mbuzi. Nikimkumbusha, anasema mahindi yamepita motoni. "Na mkono wako, Mwalimu, umepita wapi?" Hapo anakumbuka ana safari.

Alipenda matobolwa kuliko nyama. Viazi vile vilivyochemshwa na kukaushwa alivitafuna mchana kutwa, mfuko wa kushoto umejaa, na vijana waliomcheka kwamba ni chakula cha kijijini aliwaambia wasubiri wafike umri wake na meno yao yote kama yeye. Kanisani kwao, Moraviani, aliimba besi. Watu wa kwaya wanasema alikuwa anawahi mno kuanza beti. Mtu anayechelewa kila mahali, kwenye wimbo peke yake ndiko alikokuwa na haraka.

Sasa utani. Baba yangu ni Mzaramo. Alikuja Tabora na kazi ya reli, akaoa hapa, akastaafu hapa, na sasa ananisaidia kupiga pasi sare na kuwakosoa wateja. Mwalimu ni Mnyamwezi wa njia ya Sikonge. Utani wa makabila hayo mawili ni wa tangu Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani wakipita Uzaramo, na hadi leo haujachuja. Mtani anaweza kukusema vibaya msibani kwako. Anaweza kuingia uani akachukua kuku wako mchana kweupe, na ukinuna wewe ndiye mwenye aibu. Lakini naye ajue kwamba umeshapata haki ya kudai chako, siku utakayo na kitu utakacho, na majirani ndio mashahidi.

Hawakuwahi kusalimiana kama watu. Baba akimwona kwa mbali anapaza sauti, "Mpagazi, mzigo umeutua wapi leo?" Naye anajibu, "Mzaramo, umeshaamka? Kwani ngoma imekwisha?" Baba alimchukulia kofia akaivaa, akapita nayo sokoni akiwaeleza watu kwamba mwenyewe ameuza. Mwalimu naye Iddi moja alikuja kwetu, akakaribishwa, akala, kisha akaondoka na sufuria ya pilau pamoja na mfuniko wake. Mama, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakaa chini.

Ndiyo maana Mwalimu alipougua, kabla ya ugonjwa wa baba, baba hakujua amtanie au amhurumie. Mtani wake alikonda suruali zikawa zinashikiliwa na mkanda tu. Akaenda Dar es Salaam, akakaa huko, akarudi na jina la ugonjwa: saratani ya damu. Mjini kwetu neno hilo watu hulitaja kwa kunong'ona, wengine hawalitaji kabisa, wanasema "ule ugonjwa." Mwalimu alilitaja kibandani kwangu mchana, mbele ya wateja, kwa sauti ileile ya kufundishia mfumo wa chakula. Kisha akatoa boksi la vidonge. Kila siku kimoja, pamoja na chakula na maji mengi, na asiache hata siku moja.

Baada ya miezi michache suruali zikamjaa tena. Watu wakaanza kuuliza kidonge hicho kinafanya nini. Hapo ndipo utamjua Mwalimu. Alikuwa na kauli yake tangu darasani, "Usiniulize kinafanya nini. Uliza kwanza kinakaa wapi." Na siku moja akaamua kutuonyesha kinakaa wapi, nami nina sare za shule nzima hazijatoboliwa matundu ya vifungo.

Alitupanga mstari. Baba mbele, nyuma yake mama muuza vitumbua, nyuma yake mteja aliyekuja kuchukua suruali, na mimi mwisho. "Ninyi ni protini," akasema. "Mko ndani ya seli moja ya damu. Protini haifanyi kazi kwa kukaa peke yake, lazima iguse mwenzake, imshtue, naye amshtue anayefuata, mpaka amri ifike mwisho. Binti, ukiguswa begani, sema: gawanyika." Akamwambia baba ampige mama vitumbua begani kwa kiganja, mama ampige mteja, mteja anipige mimi. Nikaguswa. Nikasema gawanyika.

"Hiyo ni seli yenye afya," akasema. "Protini ya mbele inamgusa mwenzake ikiambiwa, isipoambiwa inatulia. Kwangu mimi protini hiyo imeharibika. Haisubiri kuambiwa. Mzaramo, piga bila kuacha." Baba, ambaye hajawahi kuhitaji kubembelezwa, akaanza kupiga. Mama vitumbua akawa anampitishia mteja, mteja ananipitishia mimi, nami gawanyika, gawanyika, gawanyika, hadi watu wa barabarani wakasimama mlangoni. "Ndiyo saratani yangu hiyo," akasema Mwalimu. "Seli zinagawanyika tu, hakuna aliyezituma."

Kisha akaukamata mkono wa baba na kuingiza ngumi yake ndani ya kiganja, akang'ang'ania. "Protini ni kitu kikubwa, kimejikunjakunja, na kwenye mikunjo kuna kishimo. Ndani ya kishimo ndimo inamopokea nguvu za kuwashtua wenzake. Dawa yangu ni molekyuli ndogo, ndogo mno mbele ya protini, lakini umbo lake limetengenezwa kwa kishimo hicho. Inaingia, inakaa. Haya, Mzaramo, mpige mama begani." Baba akavuta mkono, haukutoka. Mama vitumbua akabaki hajaguswa, mteja hajaguswa, nami nikanyamaza. Nikasikia pasi ya mkaa ikilia.

"Na nikitumia mkono wa kushoto?" akauliza baba.

Mwalimu akamtazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona akimpa mwanafunzi. "Ndiyo maana napimwa damu mara kwa mara," akasema. "Siku protini ikibadilika umbo, kishimo kitabadilika, na daktari atabadilisha dawa. Mzaramo, kumbe ulipaswa kusoma." Baba akasema alijua tangu zamani kwamba yeye ni hatari.

Vidonge hivyo vilikuwa na masharti yake, na Mwalimu aliyaheshimu kuliko amri za kanisa. Uani kwake una mbalungi unaozaa sana. Daktari alimkataza mabalungi, kwa sababu yanachezea jinsi ini linavyoishughulikia dawa. Basi msimu ukifika alitugawia kikapu kizima, halafu anakaa mbele yako kukutazama ukimenya, anauliza, "Matamu?" kwa uchungu wa kweli. Wauza mitishamba wa sokoni aligombana nao wote, huku nyumbani ana kopo la unga wa mlonge. Nilipomkamata nalo alisema ni la wageni.

Kwa hiyo nilikuwa namjua vizuri, na asubuhi aliyoingia kibandani na kuniambia, "Hujambo, binti," nilijua kuna jambo. Alikuwa amewahi. Viatu vilikuwa na vumbi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Baba yako yuko wapi?"

Baba alikuwa nyuma ya pazia anapiga pasi. Mwalimu akalifungua pazia na kusimama pale. "Umenichukulia dawa," akasema. Hakuna mpagazi, hakuna ngoma.

"Nimekuchukulia," akajibu baba bila kuinua kichwa. "Utani ni utani. Ikomboe."

"Kofia yangu uliivaa ukapita nayo sokoni. Radio yangu ulipoichukua uliifungulia barazani nisikie. Mtani hafichi alichochukua. Dawa umetoa karatasi moja ya vidonge katikati ya boksi, ukalifunga boksi, ukalirudisha mahali pake." Akasogea karibu na meza ya pasi. "Umemeza?"

Baba aliendelea kupiga pasi kola ileile. Nikaacha cherehani.

"Unaumwa wapi?" akauliza Mwalimu.

"Nani kakwambia naumwa?"

"Sikuuliza kama unaumwa. Nimeuliza wapi."

Baba akanitazama. "Mwanangu, hebu kanunue uzi." Uzi ulikuwa umejaa droo nzima na yeye anajua. Sikwenda. Baba akaona sitoki, akaiweka pasi pembeni, akasema polepole kwamba ni mkojo. Tangu mfungo uliopita anaamka anasimama chooni muda mrefu na hakitoki kitu. Alipokwenda Nzega kumsalimia shangazi, alipima huko huko, ili mtu wa Tabora asimwone. Wakamwambia damu inaonyesha dalili za saratani ya tezi dume, aende hospitali kubwa akapimwe vizuri. Akarudi nyumbani akanyamaza. Miezi yote hiyo nilikuwa nampikia, nacheka naye, na yeye anajua.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake, kisha nikaanza kulia, kisha nikakasirika tena kwa kuwa nimelia. Baba akajitetea kama mtu aliyefikiria sana. Mtani wake alikuwa na saratani. Mtani wake amemeza vidonge, amepona. Saratani ni saratani. Kwa nini aende kwa madaktari wakamwingize kidole mahali ambapo mwanamume haingizwi kidole, na dawa iko nyumba ya pili?

Nilimsubiri Mwalimu acheke. Alikuwa na haki hiyo, na chakula cha mwaka mzima cha kumtania. Akavuta kigoda, akakaa.

"Sikiliza," akasema. "Kidonge changu kina kishimo chake, na kishimo hicho wewe huna. Protini inayosumbua kwako ni nyingine kabisa. Hiyo inapokea homoni ya kiume. Ikishaipokea inashikana na wenzake, wanakwenda pamoja hadi kwenye amri za seli, na amri inatoka kwamba tezi ikue. Kidonge changu kikifika hapo hakina pa kukaa. Kitazunguka mwilini, kitakuchosha bure, na wao wanaendelea kushikana. Umekuwa unajitibu ugonjwa wangu, Mzaramo. Wako haujaguswa."

Baba akauliza, kwa sauti ndogo, kama ina maana wake hauna kidonge.

"Unacho. Vidonge vya kukaa kwenye kishimo cha hiyo protini yako vipo, ili isishikane na mtu. Lakini nani atakupa kama haijajulikana una nini na kimefika wapi?"

Ungedhani imekwisha hapo. Baba alikataa. Alikataa siku ile na kesho yake. Mimi nilibembeleza, shangazi alipiga simu kutoka Nzega akabembeleza, shehe akaitwa akabembeleza kwa adabu. Baba akawa anatikisa kichwa tu na kupiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa. Kila nilipomwona amechelewa kutoka chooni nilikuwa nahesabu moyoni, nasema huyu ananifia nikimwangalia.

Aliyemshinda ni Mwalimu, na alimshinda kwa utani. Ijumaa moja, watu wanatoka msikitini, alikuja na mkeka akautandika mlangoni kwetu, katikati kabisa, akajilaza juu yake amevaa suti. Hakuna wa kuingia, hakuna wa kutoka. Majirani wakajaa. Wakauliza kulikoni.

"Mzaramo huyu kanichukulia kitu changu," akasema akiwa amelala. "Nadai changu. Sitoki."

Watu wakafurahi. Hilo wanalijua. Mmoja akamwambia baba atoe kuku yaishe. Mwalimu akasema hataki kuku. Pilau? Hataki pilau. "Nataka safari ya Mwanza," akasema. "Mimi na yeye. Mzaramo anipeleke Mwanza, tuingie hospitali kubwa pamoja, tutoke pamoja. Hiyo ndiyo fidia yangu, na ninyi nyote mmesikia."

Hakusema kitu gani kimechukuliwa, wala nani mgonjwa. Waliojua yeye ana saratani walidhani anatafuta mtu wa kumsindikiza. Baba akasimama kizingitini anamtazama, na sijawahi kumwona amebanwa namna ile. Kuikataa hospitali aliweza. Kumkatalia mtani fidia mbele ya Mtendeni nzima, aiweke wapi sura yake? Alisimama mpaka watu wakaanza kunong'ona. Mwishowe akasema, "Inuka, mpagazi. Unachafua suti." Nikaenda ndani nikalia vizuri, peke yangu, kwa raha zangu.

Tuliondoka Jumatatu, sisi watatu, kwa basi la asubuhi. Kutoka Tabora hadi Nzega walitukanana bila kupumzika, abiria wa viti vya mbele wakageuka kuwasikiliza. Kutoka Nzega baba alinyamaza. Mwalimu akampa matobolwa, baba akayala, ambayo tangu aje Tabora alikuwa anasema ni mbao. Hospitali walimpima, kidole na yote, wakachukua kinyama cha kwenda kupimwa, wakatuambia turudi kwa majibu. Mwalimu naye akaenda upande wake, akawaeleza ukweli kwamba dawa zake zimepungua na kwa nini. Alisemwa na daktari msichana anayeweza kuwa mjukuu wake, akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi.

Sasa Mwalimu amehamia Dodoma kwa binti yake, na kibanda kimepoa. Siku ya majibu ndiyo ya mwisho niliyowaona wote wawili mahali pamoja. Tulikaa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, Mwanza. Baba alikuwa amevaa kanzu nyeupe niliyoipiga pasi mimi, kwa kuwa yeye siku hiyo hakuishika pasi. Muuguzi akafungua mlango, akaita jina la baba, akasema ndugu wa mgonjwa nao waingie. Nikainuka. Mwalimu akabaki ameketi.

"Na mzee huyu?" akauliza muuguzi.

"Mimi ni mtani tu," akasema Mwalimu. "Nitasubiri hapa."

Baba alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka. "Ni kaka yangu huyo," akamwambia muuguzi. "Mwache aingie."

Mwalimu aliinuka, akatufuata. Tukaketi mbele ya daktari. Daktari akasoma, akainua macho, akasema ndiyo, ni saratani, lakini bado imo ndani ya tezi, haijatoka. Ataanza vidonge na sindano, kisha mionzi. Hawezi kuapa, akasema, ila mzee amewahi.

Baba akasema alhamdulillahi. Nami nikageuka kumtazama Mwalimu, nikijua sasa atauliza kidonge hicho kinakaa wapi, na kinashikilia nini, na daktari atajuta. Mwalimu alikuwa analia. Si machozi ya kufuta kwa kidole, alikuwa analia kwa sauti, mabega yanaruka, kofia imemwangukia magotini. Kwa watani, kilio cha namna hiyo ni sherehe. Baba angeweza kukisimulia misibani na harusini mpaka mwisho wa umri wake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Baba akatoa leso mfukoni mwake, akamwekea juu ya kofia. Akamgeukia daktari.

"Endelea kueleza," akasema. "Ila mweleze yeye. Mimi atanifahamisha nyumbani."